Jirani ndiye hasimu: ushabiki wa michezo na utaifa ni ndugu wa tumbo moja

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa muda na naomba tulijadili bila kurushiana matusi. Wapo wanaoona ushabiki wa michezo ni burudani tu, na utaifa ni jambo zito la mipaka, serikali na majeshi. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja, na mama aliyewazaa anaitwa ujirani.

Jiulize kwanza: ni timu gani ikikufunga hulali? Si ya bara jingine. Hiyo ikikufunga unaumia, kesho umesahau. Anayekunyima usingizi ni yule wa ng'ambo ya mto, anayekula unachokula, anayeomba kama unavyoomba, na pengine mmeoleana. Uholanzi na Ujerumani. Argentina na Uruguay. India na Pakistan. Australia na New Zealand. Fuatilia uhasama mkubwa wa michezo popote duniani, mara nyingi utafika kwenye mpaka mmoja au ukuta mmoja.

Imekuwa hivyo tangu mwanzo. Mechi ya kwanza rasmi ya soka kati ya timu mbili za taifa ilichezwa tarehe 30 Novemba 1872 huko Partick, sehemu ambayo leo iko ndani ya jiji la Glasgow. Scotland na England wakatoka 0-0. Walikuwa na malkia mmoja, bunge moja, jeshi moja. Scotland haikuwa na ubalozi wala kiti chochote cha kuiambia dunia kwamba yenyewe si England. Ikapata timu ya taifa, na timu hiyo ingalipo hadi leo ingawa kiti Umoja wa Mataifa haina.

Sigmund Freud, yule daktari wa Austria aliyechunguza akili za watu, aliliona hili karne iliyopita. Alisema jamii zinazopakana na kufanana ndizo hasa zinazogombana na kukejeliana, akataja Wahispania na Wareno, Wajerumani wa kaskazini na wa kusini, Waingereza na Waskoti. Mimi namwelewa hivi: mtu aliye mbali nami hanisumbui, kwa sababu hakuna atakayetuchanganya. Jirani tunaweza kuchanganywa naye. Hapo ndipo ninapoanza kuhesabu kila kidogo kinachonitenga naye na kukikuza.

Tazameni fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, Montevideo, 30 Julai 1930. Uruguay na Argentina, nchi mbili zinazotazamana kwenye Río de la Plata, lugha moja, muziki mmoja, wahamiaji wa Hispania na Italia pande zote mbili. Wakashindwa kukubaliana hata mpira wa kuchezea. Kila upande ulikuja na wake na hakuna aliyetaka kuugusa wa mwenzake. Suluhu ikawa kipindi cha kwanza wachezee mpira wa Argentina, cha pili wachezee wa Uruguay. Argentina wakaenda mapumziko wakiongoza 2-1. Mpira ulipobadilishwa, Uruguay wakafunga matatu na mechi ikaisha 4-2. Kule Buenos Aires ubalozi mdogo wa Uruguay ukapigwa mawe, na vyama vya soka vya nchi hizo vikavunja uhusiano. Yote hayo kati ya watu ambao mgeni akitua leo itamchukua muda kuwatofautisha.

Tusidhani pia kwamba utaifa ndio uliowafundisha mashabiki. Mwaka 59 baada ya Kristo, mji wa Pompeii uliandaa mapambano ya wapiganaji wa upanga, na watu wa Nuceria, mji jirani, wakaja kutazama. Mwanahistoria Mrumi Tacitus ameandika kwamba walianza kwa kurushiana maneno, wakaja mawe, wakamalizia kwa silaha. Waliokufa wengi walikuwa wageni. Seneti ya Roma ikaupiga marufuku mji huo kuandaa mikusanyiko ya aina hiyo kwa miaka 10. Miji yote miwili ilikuwa ndani ya dola moja. Hakukuwa na pasi za kusafiria wala nyimbo za taifa.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa watoto. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwapeleka wavulana 22, wa miaka 11 hivi, kwenye kambi huko Oklahoma, Marekani. Waliwachagua makusudi wawe wanafanana: rangi moja, dini moja, hali moja ya maisha. Wakawagawa makundi mawili, kila moja likakaa upande wake bila kujua kuna jingine. Kundi moja halikuona hata haja ya kuwa na jina mpaka liliposikia kuna wengine upande wa pili. Wakajiita Eagles, yaani tai. Wenzao walikuwa Rattlers, jina la nyoka mwenye sumu. Kisha wakaletewa mashindano: besiboli, kuvuta kamba, na zawadi kwa mshindi mmoja tu. Eagles waliposhindwa kuvuta kamba waliichukua bendera ya Rattlers wakaichoma moto. Baadaye wakawa wanavamiana mabwenini na kukataa kula pamoja.

Hawakuwa na historia ya vita wala ardhi iliyoporwa, na hakuna babu aliyeuawa. Walikuwa na kamba, bendera na siku chache. Ndiyo maana naamini kiu ya kuwa "sisi" hutangulia, halafu sababu za kumchukia jirani hutafutwa baadaye, na wa kuzitafuta hawakosekani.

Karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka mfano mkubwa kuliko yote. Mwaka 1969 El Salvador na Honduras waliingia vitani kwa sababu ya mechi ya soka. Maelfu ya watu walikufa. Kwangu mimi mjadala umeishia hapo. Michezo ya timu za taifa ni petroli. Tubaki na vilabu.

#3 Mleta uzi

Ndugu yangu, hilo la 1969 limesimuliwa vibaya kwa miaka mingi, na likisimuliwa vibaya linawaficha wenye makosa. Nivumilieni nilieleze.

El Salvador ni nchi ndogo, Honduras inaizidi eneo zaidi ya mara tano, lakini wakati ule El Salvador ndiyo ilikuwa na watu wengi zaidi. Ardhi nzuri ya El Salvador ilikuwa mikononi mwa familia chache zenye mashamba makubwa ya kahawa. Maskini wakavuka mpaka kutafuta pa kulima, na kufikia miaka ya 1960 karibu Wasalvador 300,000 walikuwa wanaishi Honduras. Huko nako ardhi kubwa ilishikwa na matajiri na kampuni za ndizi za Marekani. Wakulima wa Honduras walipoanza kudai ardhi, serikali yao ilikuwa na njia mbili: kuwagusa wenye mashamba makubwa, au kumgusa mgeni. Ikamgusa mgeni. Sheria ya mageuzi ya ardhi ya 1962 ilipoanza kutekelezwa kwa nguvu, Wasalvador walitolewa kwenye mashamba waliyoyafyeka wenyewe, wakarudishwa kwao kwa maelfu.

Katikati ya hayo ndipo ikaja ratiba ya kufuzu Kombe la Dunia la 1970. Tarehe 8 Juni 1969, Tegucigalpa, mashabiki wakakesha wakipiga kelele nje ya hoteli ya El Salvador, na Honduras wakashinda 1-0. Wiki moja baadaye San Salvador wageni wakafanyiwa yaleyale, tena kwa ukali zaidi, wakafungwa 3-0. Mechi ya tatu ikapelekwa Mexico City mwishoni mwa Juni, El Salvador wakashinda 3-2 katika muda wa nyongeza. Siku hizohizo wakavunja uhusiano wa kibalozi. Jeshi la El Salvador likavuka mpaka tarehe 14 Julai, na mapigano yakasitishwa siku nne baadaye. Mkataba wa amani haukusainiwa mpaka 1980, na mpaka wenyewe ukaamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1992.

Ukiitoa soka kwenye habari hii, wale watu 300,000 bado wapo, na ardhi bado haitoshi kwa sababu wachache wameikalia. Kilichofanywa na zile mechi ni kuwapa watu wa kila upande sura moja ya kuichukia, na kuwapa watawala wa pande zote mbili umati uliokwisha kupashwa moto. Mkulima wa Honduras aliyekosa shamba na mkulima wa El Salvador aliyefukuzwa shambani walikuwa na shida moja, wakapangwa majukwaa mawili yanayotazamana. Wenye mashamba hawakuonekana kwenye jukwaa lolote.

Na ile timu ya El Salvador ilikwenda Kombe la Dunia ikafungwa mechi zote tatu bila kupata hata bao moja.

#4

Naunga mkono #3 lakini tusiisafishe michezo kupita kiasi. Niwachukue hadi Zagreb, mji mkuu wa Croatia, wakati ule ikiwa bado ndani ya Yugoslavia pamoja na Serbia, 13 Mei 1990, uwanja wa Maksimir. Dinamo Zagreb wanawakaribisha Red Star ya Belgrade, mji mkuu wa Serbia. Wiki chache kabla, Croatia ilifanya uchaguzi, na chama kilichotaka nchi ijitawale zaidi kikashinda. Mashabiki wa Red Star walikuja wakiongozwa na Željko Ražnatović, maarufu kama Arkan. Mechi haikuchezwa kabisa. Viti vikang'olewa, uzio ukavunjwa, polisi wakaanza kupiga watu.

Hapo ndipo nahodha wa Dinamo, Zvonimir Boban, akaruka akampiga polisi teke, kumtetea shabiki aliyekuwa anapigwa. Picha ile ikamfanya shujaa wa taifa ambalo lilikuwa bado halijatangazwa. Akafungiwa, akakosa Kombe la Dunia la 1990. Watu wengi waliiona picha ile kama Mkroatia anampiga Mserbia. Baadaye ikajulikana kwamba polisi yule alikuwa Mwislamu wa Bosnia. Umati ulikwisha kuamua yeye ni nani kabla ya kumuuliza.

Sasa tazameni kilichofuata. Arkan aliunda kikosi cha wanamgambo, na wengi wa mwanzo aliwatoa kwenye majukwaa ya Red Star. Walikuwa wameshazoea kusafiri pamoja, kutii kiongozi mmoja, kuimba kwa sauti moja na kumwita aliye upande wa pili majina. Kazi ya kuwafundisha hayo ilikwisha kufanywa jukwaani, Jumapili baada ya Jumapili. Kikosi hicho kilikwenda kuua watu Croatia na Bosnia.

Na Mei 1991 Red Star hiyohiyo ilichukua Kombe la Ulaya kule Bari, kwa penalti dhidi ya Marseille. Uwanjani alikuwapo Mmasedonia, Mmontenegro, mchezaji kutoka Romania, na Robert Prosinečki aliyekuja kuichezea Croatia. Wachezaji waliweza kucheza pamoja. Mwezi uliofuata Slovenia na Croatia zikatangaza uhuru, na vita vikaanza. Kwa hiyo mtu asiniambie jukwaani ni kelele tu.

#5

Wakuu, mnazungumzia utaifa kama maradhi. Naomba niutetee, kwa sababu kuna wanyonge ambao uwanja ndio mdomo wao pekee.

Agosti 1968 vifaru vya Umoja wa Kisovyeti na washirika wake viliingia Czechoslovakia. Watu hawakuwa na la kufanya. Machi 1969, mashindano ya dunia ya hoki ya barafuni Stockholm, timu yao ikawafunga Wasovyeti mara mbili, 2-0 na 4-3. Baada ya mechi ya pili watu walijaa mitaani nchi nzima, na ofisi ya shirika la ndege la Kisovyeti mjini Prague ikavunjwavunjwa. Moscow ikalitumia hilo kuibana nchi zaidi, na mwezi uliofuata Alexander Dubček akaondolewa uongozini. Walijua watalipishwa, lakini kwa usiku mmoja walisema walichokatazwa kusema.

Au Sohn Kee-chung, Mkorea aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Korea ilikuwa koloni la Japani tangu 1910, kwa hiyo alikimbia kwa jina lililotamkwa Kijapani na bendera ya Japani kifuani. Gazeti la Dong-A Ilbo likachapisha picha yake baada ya kuifuta ile bendera. Waandishi wakafungwa, gazeti likasimamishwa. Mwaka 1988, akiwa mzee, Sohn aliuingiza mwenge wa Olimpiki uwanjani Seoul, ndani ya nchi yake iliyo huru.

Mtu akikwambia huyu naye ana ugonjwa uleule wa Arkan, utakubali? Mimi sikubali. Anayemkandamiza jirani na anayekandamizwa na jirani hawaimbi wimbo mmoja hata kama wote wanaimba wimbo wa taifa.

#6

Hapo #5 umenena. Naongeza kidogo kuhusu mipaka iliyochorwa na watu wengine.

Kombe la Gossage lilianza 1926 kati ya Kenya na Uganda, likadhaminiwa na kampuni ya sabuni. Tanganyika ikaingia 1945, Zanzibar 1949. Zote nne zilikuwa chini ya Mwingereza, na kwa miaka mingi zilitumia shilingi moja. Bendera za nchi hizo zilikuja miaka ya 1960. Maana yake kuna watu waliovaa jezi ya nchi kabla nchi haijawa nchi, na waliomzomea jirani kabla ya kuwa na pasi ya kumvukia. Mpaka uliochorwa na mkoloni kwa rula, watu wakaanza kuupenda kwa dakika 90. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba upendo huo una tarehe, na una mdhamini.

#7

Mimi ni mtu wa kriketi, mniruhusu. Kwenye India na Pakistan kuna kila kitu mnachokisema. Nchi moja iliyokatwa vipande 1947 kwa damu nyingi, vita kadhaa, na katikati yake kriketi. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi 1978 hawakucheza mechi hata moja ya siku tano kati yao. Tangu 2007 hawajacheza nyingine. Wanakutana kwenye mashindano ya wengi tu, na mara nyingi nchi ya tatu.

Lakini nataka muione Chennai, Januari 1999. Pakistan walikuwa wamekuja India baada ya miaka mingi, na huku nyuma wapo waliotishia kuharibu ziara. Siku ya mwisho Sachin Tendulkar, mgongo ukimuuma, alifikisha mikimbio 136. India ilibaki kidogo sana kushinda. Akatolewa, waliobaki wakaanguka mmoja mmoja, Pakistan ikashinda kwa mikimbio 12. Uwanja ukanyamaza. Kisha watu wakaanza kusimama na kupiga makofi, jukwaa baada ya jukwaa, mpaka wachezaji wa Pakistan wakazunguka uwanja kuwashukuru. Miezi michache baadaye nchi hizo zilikuwa zinapigana Kargil, huko Kashmir. Yale makofi hayakuzuia chochote. Hata hivyo yalipigwa, na walioyapiga walikuwa na kila kisingizio cha kutoyapiga.

Na Paris 2024, kurusha mkuki. Arshad Nadeem wa Pakistan akarusha mita 92.97 na kuchukua dhahabu, Neeraj Chopra wa India akawa wa pili kwa mita 89.45. Mama yake Chopra alipoulizwa na waandishi, alisema aliyeshinda dhahabu naye ni mtoto wao. Mama yake Nadeem naye akamzungumzia Chopra kama mwanawe. Mama wawili, kila mmoja upande wake wa mpaka, walisema kwa sentensi moja kile ambacho mabalozi wanashindwa kukisema.

#8

Mkuu #7, nimefurahi, ila taja na yaliyofuata. Septemba 2025, Kombe la Asia, Dubai. India wakaifunga Pakistan na wachezaji wakaondoka bila kupeana mikono na wapinzani wao, miezi michache baada ya nchi hizo kushambuliana. Kwa wengi tuliokuwa tukitazama, tuliona aibu. Mkono wa mwisho wa mechi ndio unaosema kwamba uliyepigana naye ni mchezaji kama wewe. Ukiuondoa huo, sijui tunabaki na nini.

#9

Swali kwa mleta uzi. Umetuonyesha wanavyofanana. Je, wanaachana wapi? Maana kama ni kitu kimoja kabisa, basi #2 ana haki, tufute tu.

#10 Mleta uzi

Asante kwa swali, ndilo nililolingoja. Na #5 nimekusoma, nakubali: aliye juu na aliye chini wakivaa jezi hawafanyi jambo lilelile. Nilipaswa kulisema mapema.

Wanaachana kwenye mechi ya marudiano. Mchezo wowote unamhitaji mpinzani awe hai, awe na nguvu, na arudi tena. Mwaka 2012 Rangers ya Glasgow ilifilisika na kuanzishwa upya daraja la nne. Kwa miaka minne ligi ya Scotland haikuwa na mechi ya Rangers na jirani yao wa jiji hilohilo, Celtic. Upinzani wao umebeba Ukatoliki na Uprotestanti, Uayalandi na Uingereza, na umemwaga damu mitaani. Wapo wa Celtic waliosherehekea anguko lile, na ligi walichukua kila mwaka. Lakini jiulize ubingwa una ladha gani ukikosa wa kumnyang'anya. Waandishi walikwisha kuziita timu hizo kwa jina moja, kama kampuni ya wabia wawili, kwa sababu kila moja inaingiza mapato ya mwenzake.

Utaifa ukiharibika hautaki marudiano. Unataka jirani asiwepo, au awepo akiwa amepiga magoti. Kwa hiyo kipimo changu nikimsikiliza shabiki ni kimoja: anatamani kumfunga hasimu wake, au anatamani afe? Nyimbo za jukwaani zinajibu wazi. Ukisikia wimbo unaotaja ajali iliyoua wachezaji wa upande wa pili, au mauaji ya halaiki ya mababu zao, hapo mpira umekwisha kitambo.

Kuna jambo jingine. Henri Tajfel, mwanasaikolojia Myahudi wa Poland aliyepoteza ndugu zake karibu wote katika mauaji ya Wanazi, alifanya majaribio Bristol, Uingereza, karibu na 1970. Aliwaambia wavulana wa shule kwamba wamegawanywa kwa picha walizozipenda, za mchoraji huyu au yule. Hawakujua nani yuko nao. Wakapewa kazi ya kugawa fedha kwa wengine. Wengi walichagua mgawo ambao kundi lao linapata kidogo, ilimradi kundi la pili lipate pungufu kuliko lao. Someni tena sentensi hiyo. Mtoto yuko tayari wenzake wapoteze, mradi pengo lionekane. Nchi ngapi zimefunga mpaka wa biashara unaowanufaisha watu wake kwa akili hiyohiyo?

Lakini kundi linaweza kupanuka. Mwanasaikolojia Mark Levine na wenzake walifanya jaribio chuo kikuu cha Lancaster, Uingereza, na mashabiki wa Manchester United. Walipofanywa waiwaze timu yao, mtu akaanguka mbele yao kama ameumia, walimsaidia sana aliyevaa jezi ya United, na aliyevaa ya Liverpool wengi wakampita. Mara ya pili mashabiki wengine wa United wakafanywa wajiwaze kama wapenzi wa soka kwa jumla. Aliyevaa jezi ya Liverpool akasaidiwa karibu sawa na wa United. Jezi ni ileile, na hasimu ni yuleyule. Kilichobadilika ni walichokuwa wameulizwa dakika chache kabla.

Na wale wavulana wa Oklahoma? Kuwakalisha meza moja hakukusaidia, walirushiana chakula. Waliopatana walipatana kwa kazi. Maji ya kambi yalikatika wakatafuta tatizo pamoja. Lori la chakula likakwama, wakalivuta wote, kwa kamba ileile ya mashindano. Kuna wanaomlaumu Sherif kwamba uhasama wenyewe aliupalilia, na lawama hiyo ni ya haki, maana mwaka mmoja kabla alijaribu New York na watoto waliokuwa wamezoeana kabla ya kugawanywa, na wakakataa kuchukiana. Jaribio likavunjika. Mimi hilo lililovunjika ndilo ninalolipenda zaidi.

#11

Mleta uzi, tusidanganyane pia kwamba mpira unaleta amani. Septemba 2008 rais wa Uturuki, Abdullah Gül, alikwenda Yerevan kutazama Armenia na Uturuki. Mwaka uliofuata rais wa Armenia akaenda Bursa kwa marudiano. Itifaki za kurudisha uhusiano zikasainiwa Zurich Oktoba 2009, hazikuidhinishwa na bunge lolote. Mpaka wao wa nchi kavu ulifungwa 1993. Marudiano yalichezwa na mpaka ukabaki umefungwa.

#12 Mleta uzi

Ni kweli kabisa. Michezo haiwezi kufanya kazi ya wanasiasa ambao hawataki kuifanya. Ninachoidai ni kidogo kuliko hicho: isiwafanyie wanasiasa kazi yao chafu.

Na kuna kosa moja linaloweza kurekebishwa bila kungoja marais. Argentina, mwaka 2013, baada ya shabiki kuuawa, mashabiki wageni walipigwa marufuku kwenye mechi za ligi. Ikaendelea hivyo kwa miaka mingi. Kuna vijana waliokua wakienda uwanjani bila kumwona hata mara moja shabiki wa upande wa pili akilia, akicheka, akiwa na mtoto begani. Wanamjua kwa matusi ya simu tu. Je, fujo ziliisha? Novemba 2018, fainali ya Copa Libertadores, kombe la vilabu la Amerika Kusini, kati ya River Plate na Boca Juniors, zote za Buenos Aires, mashabiki wageni hawakuruhusiwa. Basi la Boca likapigwa mawe likielekea uwanjani, wachezaji wakaumia, na fainali ikahamishiwa Madrid. Kombe lenye jina la waliolikomboa bara kutoka kwa Hispania likachezewa Hispania.

#13

Mkuu nakuheshimu, ila wewe huendi uwanjani na mtoto. Mimi naenda. Wageni wakizuiwa narudi nyumbani salama. Nadharia zako zitamlinda mwanangu?

#14 Mleta uzi

Ndugu, hofu yako ni ya kweli na siwezi kuipuuza. Usalama wa mtoto wako unatangulia hoja yangu yote. Ninachokataa ni njia. Aliyerusha jiwe ana sura, kamera zipo, tiketi zina majina. Afungiwe yeye, hata maisha, na ashtakiwe. Kuwafungia watu 3,000 kwa sababu ya rangi waliyovaa ni kuwahukumu kwa upande waliotoka, na ndivyo walivyohukumiwa wale wakulima waliofukuzwa Honduras. Hakuna aliyeuliza nani kati yao alikosa nini.